Kigali na Mashine Zisizohitajika

Anayetoka Dar es Salaam mwezi Januari akatua Kanombe, uwanja wa ndege wa Kigali, huanza kusahau jasho kabla teksi haijafika Remera. Kigali imekaa karibu mita 1,550 juu ya usawa wa bahari, kusini kidogo tu mwa ikweta, na wastani wa joto lake haubanduki kwenye nyuzi 20 au 21 mwaka mzima. Mchana mkali wa kiangazi hupanda hadi 27 au 28. Usiku hushuka hadi 15 au 16, ndiyo maana madereva wa pikipiki wa huko huvaa majaketi mazito saa ambazo wenzao wa Kariakoo wamefungua vifungo vya shati. Kwa sisi wa fani ya mitambo ya majengo, tunaoshinda na hesabu za viyoyozi, feni, pampu, mabomba, lifti na zimamoto, huu ni mji wa kuonea wivu. Pwani tunapigana na joto na unyevu kwa pamoja, na unyevu hula umeme bila huruma. Kigali vita hivyo havipo. Lakini panda kutoka stendi ya Nyabugogo kuelekea katikati ya mji, utakutana na minara ya kioo iliyozibwa kama chupa, na kwenye majengo ya makamo utaona mashine za nje za viyoyozi zimening'inia ukutani safu kwa safu. Hoja niliyorudi nayo ni kwamba katika mji wa namna hii mhandisi mkuu wa mitambo apimwe kwa kile anachokifuta kwenye mchoro kabla hakijanunuliwa, na kwamba Kigali, kuliko mji mwingine wowote wa kanda yetu, ina kila sababu ya kumlipa kwa kazi hiyo.

Tuanze na jua, kwa sababu joto la ofisi za Kigali halitoki mtaani, linatengenezwa ndani. Mji ulio karibu na ikweta hupitiwa na jua utosini. Ukuta unaotazama kaskazini au kusini hupata jua la mshazari mkali, na ubapa mfupi wa zege juu ya dirisha unatosha kulizuia. Ukuta wa mashariki na wa magharibi ndio wenye taabu, maana asubuhi na alasiri jua huja chini, usawa wa macho, na hakuna ubapa unaolikinga. Mita moja ya mraba ya kioo cha kawaida kinachotazama magharibi, saa kumi alasiri siku isiyo na mawingu, huweza kupitisha karibu nusu kilowati ya joto. Mtu aliyekaa mezani hutoa kama wati 100. Kwa hiyo ukuta wa kioo wa mita 100 za mraba ni sawa na kuwaingiza watu 500 wasioonekana katika ofisi iliyojengewa watu 40. Kioo cha rangi hupunguza nusu yao, na nusu iliyobaki bado ni umati. Hapo ndipo kiyoyozi kinapoitwa, na mhandisi huletewa mchoro uliokwisha kuamuliwa aambiwe atafute mashine ya kutosha. Wapo watakaosema kwamba Kigali ni vilima, na kiwanja cha mlimani hakichagui upande. Nyumba hufuata mteremko na barabara. Ni kweli. Lakini hata jengo lililolazimika kutazama magharibi linaweza kuweka ngazi, vyoo, lifti na stoo upande huo, likabakiza madirisha madogo yenye vizuizi vya wima, na watu wakakaa upande wa pili. Uamuzi huo hauongezi gharama ukifanywa mapema. Ukifanywa baada ya msingi kumwagwa, hauwezekani kabisa.

Ushahidi mwingine uko mezani. Jioni, Kisimenti, Kimihurura na Nyamirambo, wakazi wa Kigali hula nje. Burusheti za mbuzi huchomwa hadharani, zikaletwa na ndizi za kuchoma au viazi na matone machache ya Akabanga, ile pilipili ya mafuta inayomfundisha mgeni adabu kwa tone moja. Vibaraza viko wazi pande mbili au tatu, paa liko juu, moshi unapanda wenyewe, na hakuna anayeulizia kiyoyozi. Wengi wa wanaokaa pale ni watumishi walewale walioshinda ofisini madirisha yamefungwa na kidhibiti cha mbali kimewekwa nyuzi 18. Mtu akiwa na hiari, na akiwa analipa kwa pesa yake, huchagua hewa ya mji wake. Nyamirambo, mtaa ambao Kiswahili kimezungumzwa na wafanyabiashara na Waislamu wa mji huu muda mrefu kabla bunge la Rwanda halijakifanya lugha rasmi mwaka 2017, una maduka ya vyumba viwili yenye mlango mbele na dirisha nyuma, na upepo unapita kati. Aliyejenga hakusoma popote habari za mtiririko wa hewa. Watu wa Mji Mkongwe wa Zanzibar walijua jambo hilohilo kwa kuta nene za mawe ya matumbawe na ua wa ndani, na kwao lilikuwa la lazima zaidi, kwa sababu walikuwa na joto la kweli. Kuba la Kigali Convention Centre, lililofunguliwa mwaka 2016 na linalowaka rangi za bendera usiku, limechukua umbo lake kutoka kasri ya nyasi ya wafalme kule Nyanza. Umbo limehama vizuri. Nyasi zilizokuwa zikipumua hazikuhama.

Na ni katika jumba hilohilo ambapo mataifa yalikutana, tarehe 15 Oktoba 2016, yakakubaliana juu ya Marekebisho ya Kigali ya Itifaki ya Montreal. Yalianza kutumika tarehe 1 Januari 2019. Kinachopunguzwa ni gesi za kupoozea za jamii ya HFC, ambazo haziharibu tabaka la ozoni lakini hunasa joto vibaya mno: kilo moja ya R-410A, gesi iliyojaa kwenye viyoyozi vingi tunavyovifunga, ina athari ya zaidi ya kilo 2,000 za kaboni dayoksaidi kwa kipimo cha miaka 100. R-32 inayoichukulia nafasi ni kama 675. Propani, R-290, haifiki hata tano, ila inawaka moto na inataka fundi aliyefunzwa. Nchi nyingi zinazoendelea, zetu zikiwamo, zilitakiwa kusimamisha ongezeko mwaka 2024, kupunguza kwa 10% ifikapo 2029, na kufikia 80% mwaka 2045. Mjadala mwingi nilioukuta katika fani yetu huishia kwenye swali la gesi gani ibadilishwe na gesi gani. Ni swali la haki, lakini ni la pili. La kwanza ni iwapo mashine yenyewe ilihitajika. Gesi isiyonunuliwa haivuji, na katika mji wenye nyuzi 21 za wastani, sehemu kubwa ya gesi hiyo ingeweza kubaki kiwandani.

Sisemi Kigali haihitaji mitambo. Anayesema hivyo hajaingia BK Arena usiku wa mechi ya mpira wa kikapu. Ukumbi ule uliofunguliwa Agosti 2019 hukusanya watu 10,000. Kwa wati 100 kila mmoja, hao ni megawati nzima ya joto kabla taa hazijawashwa, na hakuna dirisha litakaloimeza. Vyumba vya upasuaji, maabara, jiko la hoteli na chumba cha seva vina masharti yasiyojadilika. Ninachodai ni kwamba kila chumba kibebe mzigo wa kuthibitisha haja yake, badala ya jengo zima kupewa ubaridi kwa sababu vyumba vitatu vinauhitaji. Mfano ninaoupenda uko mbali na mji, Butaro, wilaya ya Burera kaskazini, ambako hospitali ya wilaya iliyofunguliwa mwaka 2011 kwa michoro ya MASS Design Group ilianza na swali la kitabibu: kifua kikuu husambaa kwa hewa iliyotuama. Jibu halikuwa mtambo mkubwa wa kusukuma hewa, ambao ungesimama siku kipuri kitakapokosekana. Korido zilitolewa nje, wodi zikafunguliwa madirisha pande zote mbili, feni za mabawa mapana zikafungwa darini zizunguke polepole, na taa za miale ya kuua vijidudu zikawekwa juu. Vitanda viliegemezwa kwenye ukuta mfupi wa katikati ili mgonjwa atazame dirisha na milima. Ni uhandisi wa mitambo kwa asilimia mia, na hesabu yake ya hewa ni ngumu kuliko ya kiyoyozi. Kilichopungua ni vyuma.

Hesabu ngumu ndiyo inayomtofautisha mhandisi mkuu na muuza mashine, na urefu wa Kigali kutoka baharini unaianika tofauti hiyo. Kwa mita 1,550 hewa ni nyepesi kwa kama 15% kuliko ya Dar es Salaam. Feni iliyochaguliwa kutoka kwenye katalogi ya usawa wa bahari itazungusha ujazo uleule lakini ibebe joto pungufu. Jenereta hupungukiwa nguvu, hasa isiyo na turbo. Maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na pampu iliyowekwa juu ya kisima hupoteza zaidi ya mita moja na nusu ya uwezo wa kuvuta, kisha mmiliki anabaki kushangaa kwa nini inapiga kelele na kula sili zake. Kuna wabunifu wanaoponya haya yote kwa dawa moja, nayo ni kuongeza ukubwa. Feni kubwa, jenereta kubwa, mashine ya kupoza maji yenye akiba juu ya akiba. Mashine iliyozidi huwaka na kuzima kila dakika chache, haikaushi hewa sawasawa, inakufa mapema, na gharama zake hulipwa na mpangaji ambaye hakuwahi kuulizwa.

Pesa hiyo ina mahali pake, na ukitembea mitaa ya Kigali huhitaji kuulizia. Tazama matangi meusi. Yako juu ya mapaa, juu ya minara ya vyuma, nyuma ya maduka, Kacyiru hadi Gikondo. Mji umekua kwa kasi kuliko mabomba; maji ya mtambo wa Nzove, na tangu 2021 ya ule wa Kanzenze wa mita za ujazo 40,000 kwa siku, yanapaswa kupandishwa vilima kabla ya kufika bombani, na kila mita kumi za kupanda hudai bar moja ya msukumo. Jengo la Kigali mara nyingi lina mlango wa barabara ya juu kwenye ghorofa ya nne na mwingine wa barabara ya chini kwenye ghorofa ya kwanza. Mabomba ya namna hiyo yasipogawanywa kwa kanda za msukumo, walio chini hupasukiwa na vali na walio juu hupata matone. Mvua ya mwaka ni karibu milimita 1,000, kwa hiyo paa la mita 100 za mraba huweza kukusanya mita za ujazo 80 hivi ukitoa zinazopotea. Na kwa kuwa mji umeishi kwa miaka mingi bila mfumo mmoja wa majitaka, kila hoteli na kila mnara umelazimika kuwa na mtambo wake wa kusafisha maji machafu, ambao mara nyingi ndio unaopangwa mwisho na kutunzwa kidogo kuliko vyote. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, zaidi ya watu elfu moja waliojificha Hôtel des Mille Collines walikunywa maji ya bwawa la kuogelea mabomba yalipokatwa. Kuna mengi ya kusema juu ya hoteli ile ambayo si ya fani yetu, lakini hili ni letu: akiba ya maji ni sehemu ya jengo, na haifai kukatwa kwenye makadirio ili kulipia ubaridi wa korido.

Pingamizi nzito zaidi nilizozisikia zikirudiwa huko ni kelele, mbu na wapangaji wa kimataifa. Kelele ni ya kweli kwa majengo ya kando ya barabara kuu, ingawa pikipiki za umeme zinazoongezeka mjini zinaanza kubadilisha mlio wa mitaa. Mbu nao ni wa kweli. Wavu hupunguza upepo, kwa hiyo dirisha lenye wavu lazima liwe kubwa kuliko lisilo nao, na mbunifu asiyelijua hilo atapata chumba chenye joto kisha atalaumu hewa ya asili. Ama wapangaji wa kimataifa, wanaodaiwa kutotia saini mkataba bila viyoyozi, jibu langu liko Gigiri, Nairobi. Mwaka 2011 Umoja wa Mataifa wenyewe ulifungua jengo la ofisi la watumishi wapatao 1,200 linalopumua kwa madirisha na ua mrefu wa katikati unaovuta hewa ya joto juu. Harare, mji wenye mwinuko unaokaribiana na wa Kigali, ina jengo la Eastgate tangu 1996: msanifu wake Mick Pearce na wahandisi wake walitumia feni za kawaida kupitisha baridi ya usiku kwenye zege, na zege hilo hupoza ofisi mchana. Harare ni kavu zaidi, nakubali, na usiku wake wa kipupwe ni mkali. Lakini tofauti ya nyuzi kumi na zaidi kati ya mchana na usiku wa Kigali inatosha kuifanya njia hiyo istahili kupigiwa hesabu kabla ya kukataliwa. Kinachotokea badala yake ni mmiliki kusema kila mpangaji atajifungia chake. Hilo ndilo baya kuliko yote: mashine ndogo 60 zisizo na mratibu, matundu 60 ukutani, na gesi inayovuja mikononi mwa mafundi 60 tofauti.

Mbona basi wahandisi hawasemi? Kwa sababu hawalipwi kusema. Mhandisi mshauri mara nyingi hulipwa asilimia ya thamani ya kazi aliyoisanifu. Akifuta mtambo mkubwa amefuta pia sehemu ya ujira wake, na amejiongezea kazi, maana kuthibitisha kwamba jengo litakalika bila mashine kunadai hesabu nyingi kuliko kuchagua mashine. Tena mashine ikizidi hakuna anayepiga simu. Ikipungua, simu hazikatiki. Ndiyo maana naamini ukuu katika kazi hii ni mamlaka zaidi kuliko miaka. Mhandisi kijana anaweza kupiga hesabu zote nilizozitaja, lakini hana sauti ya kumwambia msanifu majengo ageuze ukuta, wala mkadiriaji majenzi ahamishe fungu kutoka viyoyozi kwenda kwenye maji. Kanuni za ujenzi za Rwanda za mwaka 2019, pamoja na masharti yake ya majengo ya kijani, zimempa mhandisi mkuu wa Kigali kitu ambacho wenzake wa Dar na Mombasa wanakikosa kwa kiasi kikubwa: karatasi ya serikali ya kuegemea anaposema hapana. Karatasi hiyo haitazungumza yenyewe. Inataka mtu aliyekaa kikaoni tangu siku ya kwanza, anayelipwa kwa ada maalumu au kwa saa, na ambaye ujira wake haukui mtambo unapokua.

Wanaohofia kwamba mafundi watakosa kazi waende Rubirizi, pembeni mwa Kigali, kilipo kituo cha Afrika cha upoozaji endelevu na mnyororo wa baridi, kilichoanzishwa mwaka 2020 na serikali za Rwanda na Uingereza pamoja na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa. Kazi yake inahusu chanjo, maziwa, samaki, matunda. Huo ndio ubaridi unaokosekana. Baa za maziwa za Nyamirambo, ambako watu huingia asubuhi kunywa glasi ya ikivuguto, maziwa ya mgando, kwa andazi kama sisi tunavyoingia kwa chai, zinategemea maziwa yaliyosafiri kutoka vijijini bila kuharibika, na nyanya za soko la Kimironko hazina hata hiyo bahati. Fundi anayejua kushika propani bila kuwasha moto, anayejua kupima uvujaji na kukusanya gesi badala ya kuiachia angani, atakuwa na kazi hadi uzeeni. Afadhali aitumie elimu hiyo kuhifadhi maziwa kuliko kupoza ukumbi wa mapokezi ambao mlango wake unafunguliwa kila dakika.

Litabaki swali la dunia inayopata joto, na hili silipuuzi. Nyuzi 28 za leo zinaweza kuwa 30 za kesho, na jengo lililokataa viyoyozi huenda likavihitaji. Basi liachiwe nafasi: shimo la mabomba, sakafu yenye nguvu ya kubeba mtambo, nyaya za kutosha. Vivuli na madirisha mazuri havitapotea siku hiyo. Vitafanya mtambo utakaofungwa uwe nusu ya ule ambao ungefungwa leo. Mwenye kiwanja Kigali, au Arusha, au Iringa, au Eldoret, amwite mhandisi wa mitambo kabla ukuta wa kwanza haujachorwa, na amlipe kwa muda wake. Mnara unaoanza kuchorwa sasa utapokea wapangaji karibu na mwaka 2029, punguzo la kwanza la gesi litakapoanza kubana, na mwaka 2045, gesi hizo zitakapokuwa zimepunguzwa kwa 80%, utakuwa bado na umri wa miaka 16.